Shibiri ya Rehema

Maman Véronique, yule anayekaanga mandazi ng'ambo ya barabara, anasema aliona kwa macho yake samaki mmoja akizaa. Si ziwani. Ndani ya mashine, kwenye atelie ya Mzee Ridhwani ya kuchomelea vyuma, mchana kweupe, mafuta yake ya mandazi yakiwa bado motoni. Anasema yule binti wa Bukavu, Gracia, alichora samaki mmoja tu, mwembamba kama sindano, akamnong'oneza jambo, akagusa kidogo kwa kidole. Samaki akatema ndugu zake wote, mmoja nyuma ya mwingine, nao wakajipanga juu ya mstari uliopinda kama batoto ba shule asubuhi. Anasema Mzee Ridhwani alianguka kutoka kwenye kigoda chake, akasoma aya hata zile alizokuwa amezisahau tangu utoto.

"Mi siko mulevi," humwambia kila anayekuja kununua. "Niliona. Mumoja akazaa bengi. Na hakuna muntu mwenye aliwagusa."

Maneno hayo yalishuka Kamembe mpaka sokoni, yakavuka daraja kwenda Bukavu pamoja na akina mama na mabeseni yao ya nyanya, na yaliporudi jioni samaki walikuwa wameshaanza kuruka.

Uwamwezi, aliyekuwa ndani ya atelie siku ile na burashi mkononi, hakuyakanusha. Maman Véronique ana mkono mzito wa chumvi, kila mtu anajua, lakini safari hii chumvi haikuwa nyingi. Mzee hakuanguka, kigoda ndicho kilichoanguka, Mzee alipoinuka kwa ghafla. Aya hakusoma, alimtaja Mungu tu. Na samaki walizaliwa kweli, ila si kwa kunong'onezwa. Walizaliwa kwa mpango. Mpango huo ndio uliomwingia Uwamwezi kichwani ukakataa kutoka.

Yeye alikuwa mpaka rangi wa atelie. Alisoma kijijini kwao Gikundamvura mpaka darasa la sita, likafuata jembe, kisha shangazi yake akamwita Kamembe. Kazi yake ilikuwa kuvipaka vyuma ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla havijapata rangi ya kwenda nayo kwa wenyewe. Mpaka rangi ndiye wa mwisho kushika kazi, na mkono wake hupita kila mahali. Kwa hiyo aliijua kazi ya kila mtu kama mama anavyoujua mgongo wa mtoto anayemwogesha. Alijua mahali Ndayisaba, fundi wa kuchomelea, alipokuwa na haraka, na mahali Mzee mwenyewe alipokaa akalainisha kiungo ambacho hakuna mteja angekigusa. Hakusema. Alipaka, akatazama.

Gracia alikuja mwanzoni mwa kiangazi, kompyuta yake ameifunga kifuani kwa kitenge kama mtoto mchanga. Ng'ambo, kwao Bukavu, alikuwa amesomea kuchora majengo, akafanya kazi kwenye ofisi moja mpaka mambo ya kule yalipoharibika na ofisi ikafungwa. Hakuomba mshahara. Aliomba meza na mahali pa kuchomeka waya.

Mzee Ridhwani alimsikiliza huku akikwangua chuma. Baba yake na babu yake walikuwa wahunzi hapo hapo Kamembe, na wote watatu walichora kazi zao kwa chaki sakafuni.

"Nitakupa kazi moja, mwanangu," alisema mwishowe. "Chuma kikikaa mahali pake bila kutupa hata kipande, meza ni yako na umeme ni wangu. Kikikataa, utafunga kitenge chako, na mimi nitarudi kwa chaki yangu. Hatutagombana."

"Nimekubali, Mzee."

Uwamwezi alikuwa nyuma ya geti lililosimamishwa, anapaka. Alisikia yote. Tangu siku hiyo kazi ile moja ikawa yake pia, ingawa hakuna aliyejua. Maana kitenge kikifungwa, kitafungwa na kile alichokuwa akikitaka: kukaa kwenye kiti kile, mkono wake juu ya kipanya kile, aone kama kitamsikia na yeye. Alijiwekea ahadi. Chuma kikikaa, nitamwomba anifundishe. Kikikataa, nitanyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Maman Mukamana wa Nkanka. Mama huyo alianza kwa kubeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni kichwani, akalea watoto kwa sambaza, na sasa ana mitumbwi yake. Alikuwa amejenga nyumba juu ya ziwa, yenye barza kubwa ya kupungia upepo, na upande wa maji barza hiyo ilizungukwa na ukuta mfupi uliopinda kama mundu. Juu ya ukuta alitaka uzio, wajukuu wasije wakaanguka.

"Sitaki vyuma vya gereza," alimwambia Mzee. "Nataka sambaza. Bazunguke nyumba yangu vile banazungukaka taa."

Mtu wa ziwani haelezwi zaidi. Wavuvi hutoka na taa zao, na sambaza huja kwenye mwanga wakazunguka, wakazunguka, wote kwa mwendo mmoja, mpaka wavu unapopanda. Mama huyo alitaka nyumba yake iwe ile taa.

Mzee alikuwa ameshapinda matao ya milango mingi. Lakini samaki wengi juu ya mstari uliopinda, nafasi zikiwa sawa, kila mmoja akigeuka kadiri ukuta unavyogeuka? Alijikuna ndevu, akamtazama Gracia.

Gracia akamtuma Ndayisaba Nkanka na maelekezo. Avute uzi kutoka nguzo ya kwanza mpaka nguzo ya mwisho. Kisha kila anapopiga hatua apime kutoka kwenye uzi mpaka katikati ya ukuta, aandike. Ndayisaba alirudi na vipimo, Gracia akavitia kwenye mashine nukta moja moja, akaziunganisha nukta, na ukuta wa Maman Mukamana ukalala kwenye kioo, mstari mmoja mweupe uliopinda.

Hapo ndipo walipokusanyika. Mzee kwenye kigoda, Ndayisaba amepandisha miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso, Uwamwezi nyuma yao.

"Unaangalia kama ndege, kutoka juu," Gracia alisema. Alikuwa amemchora samaki mmoja pembeni, bapa, kichwa chake kimetiwa nukta. "Kwanza kitu. Njo huyu. Kisha njia. Njo hii. Kisha naiambia ni bangapi. Kubapanga, ni kazi yake."

"Yake nani?" Ndayisaba akauliza.

"Ya mashine."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mi naiambia."

"Hiyo kazi mke wangu anaiweza," Ndayisaba akasema. "Ananiambia tangu asubuhi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Gracia akachagua samaki, akachagua mstari, akaandika idadi, akagusa.

Walitokea wote kwa mara moja. Nafasi kati yao zilikuwa sawa kabisa, kutoka nguzo mpaka nguzo. Hakuna aliyembana mwenzake, hakuna aliyeachwa peke yake mwishoni. Ila wote waliangalia upande mmoja. Pale ukuta uliponyooka walikaa vizuri. Pale ulipopinda walisimama kuukingama, vichwa ndani, mikia nje juu ya ziwa.

Mzee aliinama karibu na kioo. "Hawa wanaswali," alisema. "Wote wameelekea Kibla."

"Na swala ikiisha bataanguka kwa maji," Ndayisaba akasema.

Gracia alitabasamu bila kuondoa macho. "Ngojeni. Sijabaambia bafuate njia."

Akagusa tena, na samaki wakageuka. Si kwa amri moja kama askari. Kila mmoja aligeuka kwa kadiri yake: huyu wa mwanzo kidogo sana, yule wa katikati ya kona zaidi, yule wa mwisho mpaka akatazama alikotoka. Mstari ulipojikunja nao wakajikunja, mkia wa huyu ukimwonyesha mwenzake pa kupita.

Hapo ndipo Mzee alipoinuka na kigoda kikaanguka. "Subhanallah," alisema polepole. "Sasa wanatufu." Kisha akaona haya mwenyewe, akaokota kigoda. "Mungu anisamehe, mtu mzima kufananisha sambaza na mahujaji." Miaka yote alitamani Makka, na hajafika.

Maman Véronique alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mandazi. Ndivyo hadithi ilivyopata miguu.

Gracia, kwa kuona wamefurahi, akawaonyesha na jingine. Aliingia kwa samaki mmoja, akamrefusha mkia. Mikia yote ikarefuka.

"Huyu mumoja njo bote," alisema. "Ukimupiga, bote banalia."

Rangi ilidondoka kutoka kwenye burashi ya Uwamwezi ikamwangukia mguuni, naye hakuisikia. Alikuwa akifikiria mageti yote aliyoyapaka maishani, maua ya chuma yaliyokatwa moja moja, kila ua na kosa lake. Na huyu dada anachora ua moja tu, kwa moyo wote, halafu yaliyobaki yanafuata.

"Na mi naweza jifunza hiyo?" Maman Véronique aliuliza akicheka. "Nichore andazi moja, bengine bajilete?"

"Haiwezekani bila masomo, Maman," Gracia akajibu. "Inaombaka hesabu. Mi nilikaa miaka mingi ku banc ya shule."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema leo mvua itanyesha. Uwamwezi aliinama, akafuta rangi mguuni, akakawia kuinuka.

Jioni hiyo, akisubiri maharagwe yaive, alichukua uzi mrefu wa katani, akaulaza sakafuni jikoni kwa shangazi yake, akaupinda kama ukuta wa Nkanka. Akavunja makaa vipande virefu virefu, akaanza kuvipanga juu ya uzi kwa macho. Mwanzo vilikaa. Kwenye kona vikasongamana. Mwisho wa uzi pakabaki pengo ambalo halikutosha kipande na halikupaswa kuwa tupu. Akavikusanya, akaanza tena, pengo likahama tu.

Shangazi yake alisimama juu yake. "Unacheza na makaa, mtu mzima?"

"Napanga samaki, shangazi."

"Panga sahani kwanza. Samaki wako hawaliwi."

Akapanga sahani. Wakala. Kisha akarudi kwenye uzi, na safari hii hakuupinda. Aliukunja katikati, akautia alama ya masizi. Akakunja tena nusu, akatia alama. Akaendelea hivyo mpaka uzi ukawa na alama za nafasi sawa toka mwanzo hadi mwisho. Ndipo akaupinda, akaweka kipande kwenye kila alama, akakigeuza kwa kidole mpaka kikalala na uzi. Walikaa. Hawakuwa wazuri kama wale wa kwenye kioo, lakini walikaa. Akavuta ncha ya uzi kidogo, njia ikabadilika, na makaa yote yakabaki pale yalipokuwa, yakiangalia njia isiyokuwepo tena. Ikabidi aanze upya, kipande kwa kipande.

Alikaa akiyatazama. Kumbe siri haimo ndani ya samaki, alijiambia. Imo njiani. Yule dada huwa hawashiki samaki. Huishika njia, na samaki wanaijua. Kwa mara nyingine alistaajabu, na safari hii zaidi, maana sasa alijua kazi iliyokuwa imefichwa ndani ya ule mguso mmoja. Uzi ule aliuviringisha akautia mfukoni mwa koti lake la kazi.

Basi atelie ikaingia kazini. Ndayisaba alikata samaki wa bati nene kwa umbo alilolichora Gracia, mmoja baada ya mwingine, cheche zikiruka mpaka barabarani. Uwamwezi aliwatundika kwenye waya akawapaka, na kila alipompaka mmoja alikumbuka kwamba ni yule yule. Mzee alichukua namba za Gracia, akazichora kwa chaki sakafuni kwa ukubwa wake wa kweli, akaanza kupinda chuma bapa cha chini, kile kitakacholala juu ya ukuta na kuwabeba samaki. Hakuna mashine iliyofanya hiyo. Alipiga nyundo, akasogeza, akapiga, akalala kifudifudi kutazama, mpaka chuma na chaki vikawa kitu kimoja. Gracia alisimama kumtazama, na Uwamwezi alimwona uso wake. Ulikuwa uso ule ule ambao Mzee alikuwa nao mbele ya kioo.

"Tukijaribu kwanza hiki cha chini," Mzee alisema, "ndipo tuchomelee samaki."

Wakakipakia kwenye pikapu, wakaenda Nkanka wote, Uwamwezi akiwa na kopo lake la rangi ya kurekebishia mikwaruzo.

Maman Mukamana aliwakaribisha kwa soda, wakazikataa mpaka kazi iishe. Ndayisaba na dereva wakainua chuma, wakakiweka juu ya ukuta, wakaanzia nguzo ya kwanza. Kilikaa. Wakateremsha kidogo kidogo. Halafu chuma kikaanza kuuacha ukuta. Katikati ya barza kilikuwa kimetokea nje, kinaning'inia juu ya migomba, na mwisho wake ukaipita nguzo ya mwisho ukasimama hewani.

Chini ziwani mtu alikuwa akitoa maji ya mtumbwi kwa kopo.

Maman Mukamana alitazama chuma, akatazama ukuta. "Barza yangu iko huku," alisema. "Hiyo ni ya nani?"

"Mita haidanganyi," Ndayisaba akasema, lakini sauti yake ilikuwa chini.

Gracia alifungua mfuko, akatoa karatasi ya vipimo, akaisoma, akaisoma tena. "Niliweka vile muliniletea," alisema. "Vile vile." Uwamwezi alishika kopo lake kwa mikono miwili. Aliwaza kitenge kile kikifungwa kifuani, na meza ikirudi kuwa ya kuwekea misumari.

Mzee Ridhwani alikwenda mpaka katikati ya barza, mahali chuma kilipokuwa mbali kabisa na ukuta, akaunyoosha mkono wake wa kuume, kidole gumba ukutani, kidole cha mwisho kwenye chuma. Shibiri moja. Kasoro kidogo. Akaenda mahali pengine, akapima kwa shibiri, na pengine tena. Kisha akakaa juu ya ukuta, akafumba macho kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Ndayisaba."

"Naam, Mzee."

"Uliweka rehema?"

"Niliweka, Mzee."

"Wapi?"

"Kila mahali. Vile ulinifundisha."

Gracia alimtazama huyu, akamtazama yule. "Rehema gani?"

Uwamwezi naye alijua. Kila mtu wa atelie alijua. Kwa Mzee Ridhwani hakuna kipimo kinachoondoka bila shibiri moja ya ziada juu yake. Chuma hukatika, hakirefuki. Ndivyo babu alivyomfundisha baba, na baba akamfundisha yeye. Waliiita shibiri ya rehema. Hata Uwamwezi akitumwa kupima mlango, aliiongeza bila kufikiri, kama mtu anavyoacha chakula kidogo chunguni kwa ajili ya mgeni wa njiani. Ilikuwa adabu. Kwenye geti hukatwa mwishoni, mambo yakaisha. Hakuna aliyefikiri kumwambia Gracia, kwa sababu hakuna anayemwambia mgeni kwamba mboga imetiwa chumvi. Na Ndayisaba, kwa adabu hiyo hiyo, alikuwa ameitia kwenye kila kipimo alichokitoa kwenye uzi, akauonea huruma ukuta mzima mpaka ukavimba.

Mzee alimweleza, kwa maneno machache, huku akiangalia viatu vyake. Alipomaliza alisema, "Kosa ni la nyumba yangu. Lakini chuma kimekataa."

Gracia akamgeukia Ndayisaba.

"Shibiri ya nani? Ya Mzee ao ya kwako?"

"Yangu."

"Leta mukono."

Ndayisaba akautoa kama mtoto anayekwenda kuchapwa. Gracia akautandaza juu ya ukuta, akaupima kwa mita, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata ufunguo ndani ya kiatu chake. "Mzee, chuma hakijakataa. Kilisikia sana. Uwamwezi, njoo unishikie kitenge. Jua linakula kioo."

Uwamwezi akaliacha kopo chini. Wakaingia wawili chini ya kitenge, kompyuta juu ya ukuta, na Uwamwezi akakinyanyua kitambaa kwa mikono yote miwili kama hema. Hakuwa amewahi kukaa karibu na kioo hivyo. Samaki walikuwa pale pale juu ya mstari wao uliovimba.

Gracia alianza kuzishika nukta za ukuta, moja moja, na kwa kila moja akaondoa mkono wa Ndayisaba. Mstari ukaingia ndani taratibu, kama tumbo la mtu anayevuta pumzi. Na samaki wakafuata. Hakuwagusa hata mmoja. Njia iliposogea, walisogea. Ilipofupika, walikaribiana, kila mmoja akitoa kidogo, akigeuka kidogo. Umeona benchi la kanisa anapoingia mama mwenye mimba? Hakuna anayesema songa, lakini benchi zima linasonga, na ukitazama tena nafasi ni sawa kama mwanzo. Ndivyo walivyofanya. Uwamwezi alikumbuka makaa yake yaliyobaki yakiangalia njia isiyokuwepo, akakiinua kitenge juu zaidi ili aone vizuri.

Maman Mukamana aliinua pindo akaingiza kichwa. "Na mi nione." Akatazama, akakunja uso. "Mbona banatoka?"

"Banatoka wapi, Maman?"

"Vichwa. Biko inje. Banaacha mlango wangu banakimbilia Bukavu."

"Na bila hata karatasi ya jeto ya kuvukia mpaka," sauti ya Ndayisaba ikasema nje ya kitenge. Alikuwa ameanza kupona.

"Bageuke," Maman Mukamana akasema. "Mali inaingiaka kwa mulango, haitokake."

Gracia alipeleka kipanya kwa samaki wa kwanza.

"Njia," Uwamwezi akasema. Lilimtoka tu, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. "Igeuke njia."

Mkono wa Gracia ukasimama nusu ya safari. Alimtazama mara moja kwa pembe ya jicho, kama mtu ambaye angefika hapo mwenyewe, lakini hakutarajia kumkuta mtu. Kisha akaushika mstari, akaubadili mwanzo uwe mwisho. Samaki wote wakageuka kwa pamoja, wakaelekea mlangoni.

"Sasa," Maman Mukamana akasema, na kichwa chake kikatoka.

Walikirudisha chuma Kamembe. Na hapo rehema iliyowaponza ikawaokoa. Kingekuwa kifupi, kingekuwa cha kutupwa. Kwa kuwa kilikuwa kirefu, Mzee alikipinda upya juu ya chaki mpya, na kilichozidi mwishoni kilikuwa kipande cha shibiri moja. Alikikata, akakigeuza mkononi, akakipasha moto. Hakukitupa. Alikitengeneza komeo la geti dogo la barza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kimebaki kipande.

Siku ya kufunga, kila kitu kilikaa. Chuma kililala katikati ya ukuta kama kilizaliwa nao. Samaki walizunguka barza kutoka nguzo hadi nguzo, wakipinda na kona, wakiiendea nyumba, na jua la ziwani lilipowapiga mmoja mmoja, mtu angeapa wanakwenda. Maman Mukamana alitembea kandokando akiwagusa vichwa. Alifika mwisho, akarudi, akaanza tena. Ndayisaba alimtazama akasema kwa sauti ya chini kwamba mama huyu naye ameanza kutufu, na Mzee akamkanyaga mguu.

Gracia alisimama pembeni akizitazama alama za nyundo ya Mzee, zilivyopigwa kwa upole kiasi kwamba huoni pa kuanzia pindo. "Mzee," alisema, "hii mashine haiwezi."

"Na yako mimi siiwezi," Mzee akajibu. "Ndiyo maana kuna meza. Ila toka leo rehema itasemwa kwa mdomo. Haitafichwa tena kwenye kipimo."

Asubuhi iliyofuata Mzee aliivuta meza mbali na cheche, akaiweka penye dirisha, akatundika pazia kuzuia vumbi. Alipigilia msumari ukutani, na Gracia akatundika kitenge chake hapo. Uwamwezi aliuona msumari ule, akajua kitenge hakitafungwa tena. Sasa ilibaki ahadi yake mwenyewe.

Alisubiri mpaka watu walipopungua. Mzee alikuwa amekwenda msikitini, Ndayisaba anafungua chupa ya gesi nje. Akanawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, lakini wekundu wa rangi ulibaki kwenye kucha. Gracia alikuwa mezani. Kazi mpya ilikuwa imeingia, ngazi ya kuzunguka ya nyumba moja ya mjini, na kwenye kioo kulikuwa na kidato kimoja tu na mstari uliojiviringa kama konokono.

Uwamwezi alisimama karibu na meza. Akatoa mfukoni ule uzi wa katani wenye alama za masizi, akaulaza mbele ya kompyuta, akaupinda kwa vidole mpaka ukafanana na ule wa kwenye kioo.

"Yaya Gracia," aliita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

"Mm."

"Mimi niliishia ya sita. Hesabu zangu ni za ya sita tu. Ulisema bila masomo haiwezekani, na mimi nilisikia." Akaweka kidole kwenye alama ya kwanza. "Lakini nimejaribu hii jikoni na makaa. Kwenye kona walinishinda, nikaukunja uzi, wakakaa. Ila nikisogeza njia, hawanifuati. Nataka kujua unavyowafanya wakufuate. Unifundishe."

Mkono wa Gracia uliacha kipanya. Aliutazama uzi, alama moja baada ya nyingine, akaigusa ya katikati kwa ncha ya kidole, masizi yakamwachia doa. Kisha akaitazama mikono ya Uwamwezi na kucha zake nyekundu, akasogea kidogo, nusu ya kiti ikabaki wazi.

Nje Ndayisaba aliwasha mashine ya kukatia, na kelele zikajaa atelie nzima. Ng'ambo ya barabara Maman Véronique alikuwa akimwonyesha mteja, kwa mikono yote miwili, jinsi samaki walivyogeuka. Uwamwezi hakurudia maneno yake. Alibaki amesimama kando ya kiti, mikono ikinuka petroli, akingoja kelele zipungue.